Naomba ushauri: daladala zipandishwe hadi mtaani kwetu, nipige kura ipi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, upande wa Buhongwa. Jumapili mwenyekiti katuitia mkutano wa mtaa, tupige kura kama tuombe daladala zisiishie kituoni bali zipande hadi huku juu kwenye majabali.

Wazee na wanafunzi wanataka sana. Mvua ikinyesha ile njia ni utelezi mtupu. Juzi nimemwona mama wa dagaa akishuka na beseni kichwani, kandambili mkononi. Bodaboda nao wanalia tunawanyang'anya ugali. Na mimi, msinicheke, genge langu liko palepale gari linapogeuzia. Abiria wasiposhuka hapo, nyanya nitamuuzia nani?

Ninachojua, leseni ya njia hutolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sasa kura yetu ina uzito gani? Tukiandika muhtasari wenye sahihi, tuanzie kwa diwani, au barabara ichongwe kwanza ndipo tuombe magari?

Na mwenye genge aliyewahi kuhamishiwa kituo, ulifanyaje?