Kijahazi changu cha rimoti kinageukia upepo chenyewe, mashindano Jumamosi

Mpemba_Birmingham: Wakuu, habari za jioni. Nina kijahazi cha rimoti, aina ya One Metre ya mashindano, nilikinunua kwa mtu mwezi uliopita. Urefu mita 1, uzito kilo 4 na kidogo. Upepo ukiwa mdogo kinakwenda vizuri. Ukizidi tu, omo, yaani pua yake, inageukia upepo, matanga yanapigapiga, kinasimama katikati ya bwawa wenzangu wanapita. Usukani nimeukaza mpaka mwisho, wapi! Sevo, kile kijimota cha usukani, nimebadilisha, hola. Jumamosi ndiyo mara yangu ya kwanza kushindana na nimeshaalika watu wa nyumbani. Nisaidieni.

Fundi_Demani: Mkuu, sevo umeionea bure. Tanga kuu linaisukuma tezi, yaani nyuma ya chombo, la mbele halina nguvu ya kushindana nalo. Fupisha waya wa mbele, legeza wa nyuma, mlingoti usogee mbele milimita chache. Kisha tazama ukingo wa nyuma wa tanga kuu, kule juu pafunguke kidogo upepo upate kutoka.

Mama_Rukia: Mwanangu, kodi ya nyumba umelipa lakini? Hivyo vitu ni ghali.

Mtoto_wa_Shela: Mmenikumbusha Lamu! Tulichonga vijahazi kwa ndara za kuokota ufukweni, tanga mfuko wa plastiki. Changu kilikuwa kikigeuka vivyo hivyo mpaka kaka yangu akanisogezea mlingoti. Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku Kenya 2017, sijui watoto wa sasa wanatumia nini.

Fundi_Demani: Mpemba, matanga ni yale yale kiliyokuja nayo?

Mpemba_Birmingham: La mbele ndiyo. La kuu lilikuwa limechanika, nimeshonesha jingine kwa kitambaa cha mwavuli. Nimeongeza upana vidole vinne. Lakini sidhani kama ndilo tatizo, kwetu ngalawa ikitakiwa mbio huongezwa tanga.

Fundi_Demani: Ndilo hilo hilo! Vidole vyote vinne umeviweka nyuma ya mkuku, ule ulio chini majini. Na kitambaa cha mwavuli kinavutika, upepo ukizidi tumbo la tanga linarudi nyuma. Isitoshe, One Metre matanga yana vipimo. Wakipima Jumamosi hushindani.

Kaskazi99: Hii chai. Fundi nguo gani Birmingham akushonee tanga la mwavuli? Weka picha.

Mama_Rukia: Kaskazi, mtu ana shida yake, usimvunje moyo.

Mpemba_Birmingham: Si chai ndugu yangu. Fundi ni shangazi yangu. Macho yake si mazuri siku hizi, amelishona kwa mkono siku tatu, na Jumamosi anakuja kuliona. Nitalivuaje?

Mtoto_wa_Shela: Sasa hili ungelianza nalo.

Fundi_Demani: Usilivue. Mrudishie akate ulichoongeza, ukingo akunje upya. Mshono wake utabaki.

Kaskazi99: Picha bado.

Mpemba_Birmingham: Nimempigia. Anauliza akate upande wa mlingoti au wa nyuma?

Fundi_Demani: Nyuma! Upande wa mlingoti asiuguse kabisa, mkato wake unafuata mpindo wa mlingoti. Akimaliza, acha nafasi ya milimita 10 hivi kati ya tanga na mti wa chini, katikati, lipate tumbo kidogo. Na mpe shangazi salamu zangu.