Aliyepandikizwa figo akipoteza kazi, dawa zake alipe nani?

Mkoba wa Dawa (mleta mada)

Wakuu, salaam. Habari za kupandikiza figo kwetu Tanzania huishia siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali ya Muhimbili walipandikiza kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na safari za India zimepungua. Nawapongeza kwa moyo mweupe, mimi mwenyewe ni mnufaika. Hoja yangu inaanzia pale wapiga picha wanapoondoka.

Figo mpya inaishi kwa dawa. Takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni, zote za kushusha kinga ili mwili usiikatae, saa zilezile kila siku, muda wote figo inapofanya kazi. Ukiacha, mwili unaikataa na unarudi kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila ukilala pale. Wengi wetu dawa hizo tunazipata kwa kadi ya bima inayotokana na ajira. Ajira ikikatika, michango inakatika, na kadi nayo basi.

Na kazi yenyewe inaponyoka kirahisi. Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi hunywi dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe. Unakaa kwenye benchi la maabara, vidonge mfukoni, saa mbili inapita, saa nne inaingia, simu ya msimamizi inaita: "Leo tena?" Nilikokuwa zamani walinipeleka stoo yenye vumbi. Nilipoomba nitolewe nikajibiwa, "Si umeshapona? Mbona mashavu yamejaa?" Mashavu yale ni prednisoloni, jamani.

Msimamo wangu: dawa hizi zilipwe na mfuko wa taifa bila kuuliza mtu ameajiriwa wapi. Wamarekani walishaumia kwa hili. Medicare, bima ya afya ya serikali yao, iliwalipia wagonjwa wa figo mashine miaka nenda rudi, lakini aliyeingia kwa sababu ya figo tu alikatiwa dawa miezi 36 baada ya kupandikizwa. Wapo walioshindwa kununua, figo zikafa, wakarudi kwenye mashine kwa pesa ileile ya serikali. Sheria ilirekebishwa mwishoni mwa 2020 na ikaanza kutumika Januari 2023. Karibuni, anayepinga apinge.

Bosi Mdogo

Pole mkuu. Mimi nina karakana ya kuchomelea, vijana sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inanidai siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 za pili nusu. Sina neno. Ila kijana akiwa kliniki natafuta kibarua, nalipa wawili kwa kazi ya mmoja, na hakuna anayenirudishia hata mia. Mkisema mwajiri awe na utu mnawaza mabenki. Karakana nzima ni moshi na cheche, hiyo kazi nyepesi nimpe ipi? Dawa zikitoka kwenye ajira, hata mimi napumua.

Mzee wa Hesabu

Napinga. Mfuko si kisima. Kisukari na presha ndivyo vinavyoharibu figo nyingi, na wapo watu vijijini ambao hawajawahi kupimwa presha. Pesa ya mtu mmoja aliyepandikizwa ingewazuia wangapi wasifike huko? Na msiniletee mfano wa ARV, dawa za VVU: zile ni bure kwa sababu wafadhili wa nje wamebeba sehemu kubwa ya gharama miaka yote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Kila mtu achangie huko, siyo kila ugonjwa udai dirisha lake.

Mkoba wa Dawa

Mzee, kwenye kinga nakuunga mkono. Ila umelinganisha dawa na kutolipa kitu, wakati mbadala wa dawa ni mashine. Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, na kila mara kuna chujio, maji yaliyosafishwa, umeme na muuguzi. Halafu yule wa mashine siku tatu za wiki hafanyi kazi yoyote. Hata kodi anayochangia inapungua.

Mkazi wa Eldoret

Huku Kenya kadi haijafungwa kwenye ajira. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na ajira anakadiriwa kipato, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi. Kwenye karatasi, tatizo la mleta mada limeisha. Sasa njoo kwa mtu wa mjengo, kibarua wa ujenzi. Anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mpigo, na siku alipofutwa ndiyo siku alipoishiwa. Tenganisheni kadi na kazi, sawa, lakini mseme pia nani atamlipia mtu asiye na kitu mfukoni.

Figo Moja

Mmemsahau aliyetoa. Mimi ni bodaboda, nilimpa dada yangu figo. Baada ya upasuaji nilikatazwa mizigo na mitikisiko kwa wiki kadhaa, na pikipiki ilikuwa ya mkataba. Hesabu ya tajiri haijui kidonda. Nilikopa ili nipeleke hesabu. Mwaka uliofuata dada akaachishwa kazi, nikamkuta anaruka dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Bosi Mdogo, Mzee, ile figo mnayoijadili ilikuwa ya kwangu. Sikuitoa ikafie kwenye foleni ya kadi.

Mpiga Mhuri

Kwa walioko kazini: kifungu cha 7 cha sheria hiyo ya 2004 kinakataza ubaguzi na kinataja ulemavu na VVU/UKIMWI kwa majina. Ugonjwa sugu hakiutaji, na hilo ndilo pengo la kuwapigia kelele wabunge. Hata hivyo kanuni za 2007 zinamtaka mwajiri atafute kwanza kazi mbadala kabla ya kumwachisha mgonjwa. Ukiachishwa una siku 30 tu za kufika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Wengi wanazimalizia kwa wajomba wakiomba ushauri.

Mzee wa Hesabu

Figo Moja, kwa aliyetoa nakubali, alipwe kipato alichokosa, hilo halina ubishi. Kwenye dawa bado sijalainika. Mleta mada, weka risiti za mwezi mmoja hapa, futa jina, na mwenye ankara za mashine aweke zake. Tulinganishe shilingi kwa shilingi.