Kilomita 6 zilituchukua saa 5: sasa nimpeleke mama maporomokoni, ufukweni au kilimani?

Kipepeo wa Bondeni

Wakuu, habari za muda huu.

Mwezi uliopita nilimchukua mama yangu (miaka 61, goti la kulia humsumbua) na mwanangu wa miaka 9 tukaenda kuona maporomoko ya maji. Kibao pale njia inapoanzia kiliandika kilomita 6, kwenda na kurudi. Nikapiga hesabu: mtu hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa, kwa hiyo hata tukijivuta, saa mbili zinatosha. Tukaanza saa 8 mchana bila wasiwasi.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Njia yote inateremka, mtoto yuko mbele anarukaruka, mama anachuma majani na kunitajia majina yake. Tukakaa majini karibu saa nzima. Kurudi ndiko kulikotutoa jasho. Ni kupanda mwanzo mwisho, mawe yamelowa, mama anapumzika kila baada ya hatua chache. Giza likatukuta bado tuko msituni. Hadi leo namwona mama amekaa juu ya mzizi, ameshika goti kwa mikono miwili, hasemi neno, na mwanangu anatumulikia kwa simu iliyobaki na chaji asilimia 7. Tulitoka salama, lakini nimekosa usingizi siku kadhaa nikiwaza ile simu ingezima.

Mama mwenyewe ndiye anayeniuliza tunatoka lini tena. Nina sehemu tatu mawazoni: maporomoko mengine, matembezi ya ufukweni kuzunguka rasi hadi kwenye kijighuba kilichojificha, na kilima chenye mandhari ya kuvutia juu. Naomba mniambie nilikosea wapi, na nianze na ipi. Natanguliza shukrani.

Hatua kwa Hatua

Pole sana dada, na mshukuru Mungu mlifika. Kabla sijajibu, kutoka barabarani hadi majini mlishuka mita ngapi? Ramani nyingi za simu huonyesha mwinuko.

Kipepeo wa Bondeni

Nimeangalia sasa hivi. Ni kama mita 450.

Hatua kwa Hatua

Basi jibu limepatikana. Umbali peke yake hauelezi safari ya milimani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo mimi naitumia kila ninapotoka: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Tuiweke kwenye safari yenu. Kilomita 6 ni saa 1 na dakika 12. Mita 450 ni dakika 45. Jumla ni saa 2 kasoro dakika 3, na hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu, asiyesimama hata kupiga picha. Kwa mtoto na mzazi mwenye goti bovu, mimi huzidisha mara mbili. Hapo ni saa 4. Weka saa moja ya kukaa majini, ni saa 5 kamili.

Kwa hiyo ninyi hamkutembea polepole. Mlitembea vizuri kabisa, ila mlichelewa kuanza. Siku hizi nahesabu kinyumenyume: jua linazama saa ngapi, natoa saa mbili za akiba, natoa muda wa safari, ndiyo napata saa ya kuanza. Na ikifika saa niliyojipangia kugeuka nikiwa sijafika ninakokwenda, nageuka hata kama nasikia maji yakinguruma mbele yangu.

Jiwe Gumu

Mama mwache nyumbani dada. Miaka 61 na goti bovu, unamtafutia nini milimani?

Bibi wa Vilimani

Jiwe Gumu mwanangu, mimi nina miaka 68 na bado napanda. Mtu akinyimwa kutembea ndipo miguu humfia. Msikilizeni mama, kasema anataka.

Sasa wewe binti, nisikilize kuhusu goti. Goti huumizwa zaidi na kuteremka kuliko kupanda. Unapoteremka, kila hatua uzito wote wa mwili unadondokea mguu mmoja na misuli ya paja inafanya kazi ya breki. Mama yako aliumia wakati wa kwenda, pale mlipokuwa mnacheka. Maumivu yalikuja kujitokeza wakati wa kurudi.

Mtafutie fimbo mbili, si moja. Anapoteremka azirefushe kidogo, azitangulize mbele, ndipo ashushe mguu. Hatua ziwe fupi, goti lisinyooke likakakamaa. Viatu afunge kamba kwa nguvu pale juu ya unyayo ili mguu usiteleze mbele, na kucha azikate siku mbili kabla. Kucha ndefu kwenye mteremko mrefu hugeuka nyeusi, nimeyaona kwa miguu yangu mwenyewe. Na akisikia sehemu inawaka moto ndani ya kiatu, msimame palepale mbandike plasta. Lengelenge halisubiri mfike.

Kipepeo wa Bondeni

Shikamoo bibi. Nimemsomea mama maneno yako, amenyamaza kidogo kisha akasema "huyo anajua."

Bibi wa Vilimani

Marahaba mwanangu. Msalimie sana.

Mtoto wa Mto

Nitasema la maporomoko, maana lilinikuta. Tulikuwa wanne, tumekaa kwenye mwamba mpana katikati ya mto, chini ya maporomoko. Jua linawaka, maji meupe unaona mchanga chini. Nikaona jani moja la njano linapita. Kisha vijiti. Kisha fungu zima la majani makavu, na pembeni mwa mwamba maji yameanza kubadilika rangi kuwa ya udongo. Mmoja wetu aliyekulia kando ya mto akatuvuta bila kueleza, viatu tukabeba mkononi. Hatujamaliza kupanda ukingo, ule mwamba tuliokuwa tumekalia haukuonekana tena. Kwetu hapakunyesha hata tone. Mvua ilinyesha huko mto unakotoka.

Dalili ndizo hizo: maji kuchafuka ghafla, takataka kuongezeka, mlio wa mto kubadilika ukawa mzito. Ukiona mojawapo, toka upande uliko njia ya kurudia, usisubiri ya pili. Kabla ya kwenda, angalia hali ya hewa ya kule juu ya mto. Usimruhusu mtoto kuogelea pale maji yanapoangukia, yanamvuta mtu chini na kumzungusha. Wala asiruke kutoka juu ya mwamba. Kina cha jana si cha leo, magogo husafirishwa na mafuriko yakabaki humo. Na jiwe lenye utando wa kijani halikanyagiki, hata kwa kiatu kizuri.

Upepo wa Juu

Kwa upande wa kilimani, faida yake ni kwamba kazi ngumu unaifanya mwanzo, ungali na nguvu, na ukichoka unarudi kwa kuteremka. Hasara ameshaisema bibi: goti. Nendeni alfajiri. Asubuhi anga huwa safi, mchana ardhi ikishapata joto mawingu hupanda na kukaa kileleni, unafika juu huoni kitu. Radi nazo hupenda mchana. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, shuka upesi, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Bebeni pia tochi za kichwani, kila mtu yake, na filimbi. Milio 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Wapanda milima wanaielewa kuwa ni wito wa msaada.

Nahodha wa Zamani

Dada, mimi nakushauri uanze na ufukwe. Ni tambarare, goti la mama litapumua, na mtoto hatachoka kuuliza maswali. Ila bahari ina saa yake, na saa hiyo ndiyo utakayoifuata.

Pwani nyingi maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kukupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Watu wengi wanadhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Sivyo. Ligawe badiliko lote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3, saa ya kwanza unaona sentimita 25 tu, unajiona una muda. Saa ya tatu peke yake ni sentimita 75. Hapo ndipo watu hunaswa nyuma ya rasi, bahari mbele na jabali mgongoni.

Epuka bamvua, yaani siku za maji makubwa, kwa mara ya kwanza. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku moja mbili baadaye, maji hukupwa mbali sana na ufukwe unatamanisha, lakini hurudi kwa wingi uleule. Nendeni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Ila kwanza uulize wenyeji kama rasi hiyo hupitika siku hizo, maana maji mafu hayakupwi sana.

Kipepeo wa Bondeni

Nahodha, Mungu akubariki. Nimeuliza wavuvi wa pale, wanasema hupitika. Jedwali la maji linaonyesha Jumamosi ijayo, mwezi ukiwa nusu, maji yatakupwa kabisa saa 5:40 asubuhi. Tuanze saa ngapi?

Nahodha wa Zamani

Saa 3:40 muwe mmeshaanza kutembea, maji yakiwa bado yanatoka. Mkifika rasini, chomekeni kijiti pale maji yalipoishia, mtoto ndiye awe mlinzi wake. Chezeni, pumzikeni. Saa 6:40 mchana wote watatu muwe mmeshavuka rasi kurudi. Na kama kijiti kitaanza kulowa kabla ya hapo, mfungeni mama kamba za viatu mwondoke.