Kamera ya 4x5 pale Irente: mwamba wa karibu na nyika ya chini vyote vikae kwenye fokasi, inawezekana?

mpanda_milima
Wakuu habari za humu. Nimepata kamera ya filamu za shiti (moja moja, za inchi 4x5), ile ya mbao ya kukunja yenye mvukuto, lenzi ni ya mm 150 na nina boksi la FP4, filamu ya nyeusi na nyeupe. Nataka picha moja tu ya pale Irente, Lushoto, mwamba wa ukingoni uwe karibu kabisa halafu huko chini nyika ya Wamasai ionekane mpaka inapoishia. Sasa nikifokasi mwamba nyika inapotea, nikifokasi nyika mwamba haueleweki, nikifunga tundu la lenzi hadi dogo kabisa, f/45, spidi inashuka majani yote yanatikisika. Na mchana kule chini kunakuwa na ule weupe weupe wa joto. Mnafanyaje? Na msiniambie nitumie simu.

kaniki_nyeusi
f/45 ya nini mkuu wakati una kamera inayoinamisha lenzi, si ndo sababu ya kubeba mzigo wote huo? Ubao wa lenzi ulaze mbele kidogo, hapo uso wa fokasi hausimami tena wima, nao unalala, unapita kwenye mwamba unaenda hadi mbali. Kanuni ya Scheimpflug hiyo, mwanajeshi wa Austria aliyekuwa anahangaika kunyoosha picha za ramani zilizopigwa toka angani, hataza yake ni ya 1904. Hesabu yake nyepesi: urefu wa fokasi gawa kwa kimo cha lenzi juu ya ardhi, yaani mm 150 kwa mm 1500 (mita moja na nusu) unapata 0.1, ambayo ni karibu nyuzi 6. Sita tu! Wengi wanainamisha mpaka wanavuruga kabisa. Anza na hizo, lenzi ikiwa wazi fokasi mbali kwanza, inamisha mpaka mwamba ukae (kumbuka kwenye kioo cha nyuma cha kutazamia picha iko kichwa chini, mwamba utauona juu), rudi kagua mbali, rudia tena. Ikikaa funga f/22 au f/32 basi.

pikseli_mia
Simu yangu inamaliza hiyo kazi sekunde moja, mnajitesa bure

kaniki_nyeusi
Kashasema.

binti_wa_Tanga
Kaniki yuko sahihi ila hajamaliza. Hiyo sehemu yenye fokasi ina umbo la kabari, karibu na kamera ni nyembamba na inapanuka ukienda mbali, kwa hiyo kaka kama kuna mti umesimama karibu na mwamba kilele chake kitatoka nje ya fokasi hata uinamishe lenzi vipi. Ama uhamishe stendi mti utoke, ama upunguze kuinamisha na ufunge lenzi zaidi. Mimi ningehamisha stendi.

Kuhusu weupe, ule wa joto na vumbi filta nyekundu inaupunguza vizuri maana unatawanya zaidi mwanga wa bluu, lakini ukungu wenyewe wa asubuhi ni matone ya maji, yanatawanya rangi zote sawa, hapo filta haina msaada, subiri ukungu uondoke. Na Irente inatazama machweo, jioni jua linakuja usoni kwako na ule weupe wote unawaka. Nenda asubuhi jua likiwa mgongoni, ila si alfajiri sana kwa sababu kivuli cha mlima bado kimelala kwenye nyika.

mpanda_milima
Dada asante, mti upo kweli, nitahama. Filta nyekundu si inakula mwanga lakini? Tunarudi kulekule kwa majani na upepo.

mzee_wa_shiti
Inakula stopu 3 (kila stopu moja ni nusu ya mwanga). Jua kamili na FP4 (ISO 125) ni f/16 kwa 1/125, ukifunga f/32 inakuwa 1/30, ukiweka nyekundu unafika robo sekunde. Filta ya chungwa inakula 2 tu, unapata 1/8, na kwa pale mimi naona inatosha, nyekundu inafanya anga kuwa jeusi mno, majani nayo yanazama. Upepo wa pale ukingoni huwa unapanda toka bondeni jua likishachoma, sababu nyingine ya kuwahi. Shusha stendi, ning'iniza mfuko wa mawe katikati, na mtu asimame upande wa upepo na mwavuli kwani mvukuto ule unashika upepo vibaya sana. Ukishusha stendi rudia hesabu ya kaniki, kimo cha mita 1 nyuzi zinakaribia 9.

Ukipiga kabla jua halijatoka usiamini mita ya kupima mwanga peke yake, FP4 inachoka kwenye mwanga mdogo, mita ikisema sekunde 10 wewe acha lenzi wazi 18, ikisema 30 acha 72.

mpanda_milima
Shikamoo mzee, hapo kwenye 30 kuwa 72 umenifungua macho. Na kitambaa cha kujifunika kichwani, nanunua wapi?

mzee_wa_shiti
Marahaba. Usinunue, shona kaniki mbili pamoja, na nje weka kitambaa cheupe usiive humo ndani.

kaniki_nyeusi
Mnaona sasa jina langu limetoka wapi 😂 mkuu ukisafisha negativu tuwekee humu