Kama droni za New Jersey zilikuwa na kibali, kwa nini wananchi hawakuambiwa mapema?

Wanajukwaa,

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Tarehe 28 Januari 2025 msemaji wa Ikulu ya Marekani, Karoline Leavitt, alisoma mbele ya waandishi wa habari tamko la Rais Trump kwamba droni zilizoonekana kwa wingi katika anga la New Jersey ziliruhusiwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, kwa ajili ya utafiti na sababu nyingine mbalimbali. Watu walikuwa wakiziripoti tangu katikati ya Novemba 2024. Ikiwa tamko hilo ni kweli, basi ruhusa ilikuwa mikononi mwa FAA muda wote huo, na hakuna kiongozi aliyeona haja ya kuitaja.

Tukumbuke yaliyotokea katikati. Ripoti za mwanzo zilitoka jirani na Picatinny Arsenal, kituo cha jeshi cha utafiti wa silaha, na FAA ikazuia droni juu yake na juu ya uwanja wa gofu wa Trump ulioko Bedminster. FBI ikapokea taarifa zaidi ya 5,000. Tarehe 16 Desemba FBI, FAA, Wizara ya Usalama wa Ndani na Wizara ya Ulinzi zilitoa tamko la pamoja kwamba vilivyoonekana ni mchanganyiko wa droni halali za biashara, za watu binafsi na za polisi, pamoja na ndege za kawaida, helikopta, na hata nyota zilizodhaniwa kuwa droni. Sipingi kwamba wengi walikosea, kwa kuwa usiku taa ya ndege inayokujia moja kwa moja huonekana kama imesimama, na jicho haliwezi kukadiria umbali wa kitu ambacho hulijui umbo lake. Lakini tamko hilo lilisisitiza kuwa hakuna hatari, na wiki hiyo hiyo FAA ikapiga marufuku droni juu ya maeneo 22 ya jimbo hilo hadi tarehe 17 Januari, kwa ombi la vyombo vya usalama, ikionya kwamba droni itakayohesabiwa kuwa tishio la papo hapo inaweza kushambuliwa kwa silaha. Mwananchi aamini lipi kati ya hayo mawili?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria zipo, tena kali. Kwa jumla, droni yenye uzito unaozidi gramu 250 lazima isajiliwe. Bila kibali maalumu haipaswi kupita futi 400, yaani karibu mita 120. Na ya biashara ikiruka usiku lazima iwe na taa inayoonekana umbali wa maili 3. Tangu Machi 2024 FAA imeanza kuwabana warushaji ambao droni zao zilizosajiliwa hazitangazi kwa mawimbi ya redio namba ya utambulisho, mahali zilipo na kimo chake. Mwananchi anaweza kunasa matangazo hayo kwa simu yake, lakini namba hiyo haimfai kitu, kwa sababu jina la mwenye droni hubaki kwa FAA na vyombo vya dola. Nakubali kwamba jina la mtu binafsi lilindwe. Sikubali kwamba hata aina ya shughuli ifichwe: je, ni utafiti, biashara, polisi au burudani? Hilo lingeweza kuwekwa wazi bila kumdhuru yeyote, na lingekata maswali mengi kabla hayajageuka kuwa hofu.

Polisi wa mitaa nao walikuwa gizani, maana sheria ya mwaka 2018 iliwapa taasisi chache tu za serikali kuu mamlaka ya kuzima au kuangusha droni. Mameya walidai majibu na hawakuyapata. Pengo hilo likajazwa na uvumi, na uvumi ukazaa jambo la hatari kweli: FBI na polisi wa jimbo walilazimika kuwasihi watu waache kumulika leza na kufikiria kufyatulia risasi vitu walivyodhani ni droni, ilhali baadhi yake vilikuwa ndege zenye marubani ndani.

Wapo watakaosema usalama wa taifa hauruhusu kutangaza kila kitu. Sawa, lakini Ikulu yenyewe ilikuja kulitangaza jambo hilo hadharani, na sikuona madhara yoyote yakifuata. Kwa hiyo naomba anayetetea ukimya ule anijibu bila kuzunguka: ni siri gani iliyolindwa Desemba ambayo Januari haikuwa siri tena, na hizo "sababu nyingine mbalimbali" ni zipi?