Mama ameambiwa aanze kusafisha damu Jumatatu. Kumwona daktari mwingine kwanza ni utovu wa adabu?

Mwana wa Kilosa (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuuguza mgonjwa wa figo.

Mama yangu ana miaka 58, mwalimu wa msingi hapa Morogoro, amebakiza miwili astaafu. Sukari anayo tangu 2011, presha ilikuja baadaye. Miezi sita iliyopita kreatinini yake (taka ya kwenye damu, figo zikichoka inapanda) ilikuwa 168, tukaambiwa figo zimechoka, apunguze chumvi. Wiki iliyopita miguu ikavimba, tukarudi kupima: 290, na kwenye karatasi wameandika eGFR 16, yaani kiwango cha figo kuchuja. Daktari (wa magonjwa ya ndani, si wa figo) aliitazama ile karatasi kama dakika mbili, akasema Jumatatu tumlete awekewe mpira wa shingoni aanze kusafisha damu. Hakuuliza lingine.

Mama hajalala tangu siku hiyo. Mimi nataka tumwone bingwa wa figo kwanza, yeye anagoma: "Daktari ataona tumemdharau. Kesho tukirudi kwake atatupokea kwa uso gani?" Baba mdogo naye anasema tusizunguke na mgonjwa.

Anakojoa vizuri, anakula, hatapiki, hahemi. Tufanyeje?

Jembe la Mkono
Pole sana mkuu. Usimpeleke kwenye mashine, ukianza huachi. Kuna mzee Handeni ana mizizi inasafisha figo siku 21. Njoo inbox.

Nesi wa Zamu
Jembe, tafadhali. Figo ikishafika 16 haina nguvu ya kuchuja mizizi ambayo hata aliyeichimba hajui ina nini. Nimewapokea wagonjwa wa hizo siku 21 mapokezi ya dharura.

Mtoa mada, pole na hongera kwa kutunza karatasi zote mbili, maana jibu liko katikati yake. Sukari huila figo polepole. Kutoka 168 hadi 290 ndani ya miezi sita ni mwendo wa mbio, na figo ikikimbia hivyo swali la kwanza ni: nani kaisukuma? Niorodheshee kila anachomeza. Kila kitu, hadi cha duka la dawa ambacho hukihesabu kuwa dawa.

Mwana wa Kilosa
Dada Nesi, asante. Nimeumwaga mkoba wake kitandani: losartani-H ya presha, metformini ya sukari, aspirini ndogo. Halafu kuna diklofenaki. Anasema ni ya magoti, anameza asubuhi na jioni tangu Pasaka. Kumbe hakumwambia hata daktari, kwa sababu "ile si dawa ya ugonjwa, ni ya maumivu tu."

Nesi wa Zamu
Haya, tumempata msukumaji, au mmoja wao.

Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Ile H ni dawa ya kukojoza, inapunguza maji mwilini. Diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu. Kila moja peke yake figo huivumilia kiasi. Zikikutana tatu, kwa mtu mwenye figo mbovu tayari, chujio linakosa msukumo wa damu kabisa. Na diklofenaki pia hufanya mwili ushike chumvi na maji, kwa hiyo miguu kuvimba sishangai.

Diklofenaki iishe usiku huu. Metformini haitakiwi eGFR ikiwa chini ya 30, lakini usimwachishe kimya kimya sukari ikapaa. Kesho asubuhi mpigie daktari umuulize abadilishiwe nini. Losartani pia usiiguse mwenyewe. Na aulizwe potasiamu ni ngapi, ile chumvi ya kwenye damu ambayo figo zikishindwa kuitoa inahatarisha moyo. Hiyo haisubiri Jumatatu.

Sisemi daktari wenu kakosea. Huenda figo kweli zimefika mwisho. Nasema kreatinini ya siku moja, kwa mtu aliyekuwa kwenye diklofenaki miezi kadhaa, haitoshi kuamua mpira wa shingoni ikiwa mgonjwa hana dalili. Kuna utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2010, waligawa wagonjwa: wengine waanze mashine mapema, wengine wasubiri hadi dalili au figo zishuke zaidi. Waliowahi hawakuishi zaidi ya waliosubiri.

Mwaka wa Tano
Mimi niko kwenye mashine mwaka wa tano, Dar, mara tatu kwa wiki, saa nne kila kipindi. Mashine si kifo, naendesha duka langu. Ila naomba nikwambie kitu ambacho mimi sikuambiwa.

Nilianza ghafla, kwa mpira wa shingoni. Ukapata maambukizi mara mbili. Ningemwona bingwa wa figo miezi michache kabla angenitayarishia fistula ya mkononi, yaani mishipa miwili ya damu inaunganishwa kwa upasuaji ili mashine ichome hapo (si ile ya akina mama, jina moja tu), maana fistula inahitaji wiki kadhaa, hata miezi, ikomae kabla ya kuchomwa sindano. Kwa hiyo hata kama bingwa atasema mashine inakuja, bado mtakuwa mmefaidika. Na kuanzia leo mkono anaoutumia kidogo usitolewe damu wala kupimwa presha. Mimi mishipa yangu ya kushoto waliimaliza kwa dripu.

Kioo cha Bahari
Nitasema lisilopendeza. Baba yetu naye tulimtafutia maoni ya pili. Yakawa ya tatu, yakawa ya nne. Miezi minne tunapanda mabasi. Ukweli ni kwamba hatukuwa tunatafuta ushauri, tulikuwa tunatafuta daktari atakayesema figo ni nzima. Wote walisema kitu kimoja. Potasiamu ilipanda, moyo ukasimama tukiwa tunasubiri majibu ya hospitali ya nne.

Nenda kwa bingwa mmoja, ndani ya wiki hii, na uende na swali moja umeliandika. Akisema kama wa kwanza, rudini. Na akianza kuhema akilala, kutapika, kuchanganyikiwa au mkojo ukikata, achaneni na bingwa, kimbilieni hospitali iliyo karibu, hata ya huyo huyo daktari.

Mwana wa Kilosa
Pole sana Kioo. Nimekusoma mara mbili. Na la heshima je? Mama hapo ndipo amekwama.

Bibi Karani
Hilo niachie mimi, nimekaa dirisha la bima miaka mingi. Usimwambie daktari "tunataka maoni mengine." Mwambie: "Daktari, tunaomba rufaa kwa bingwa wa figo kabla ya kuanza, na nakala ya majibu yote." Hiyo ni lugha ya kazi yake, anaisikia kila siku, na bima itaitaka hiyo barua hata hivyo. Mama aamkie, aombe mwenyewe. Mwalimu wa miaka yote hiyo hashindwi kuomba karatasi.

Kutoka Moro mna bahati, treni ya SGR inakwenda pande zote mbili: Muhimbili Dar, au Benjamin Mkapa Dodoma. Kote kuna mabingwa wa figo na kote wanapandikiza figo, Muhimbili walianza 2017. Kaeni na bahasha moja: majibu ya zamani na mapya, picha ya ultrasaundi na maboksi ya dawa. Maboksi yenyewe, si majina ya kukumbuka.

Jembe la Mkono
Sawa, nimenyamaza.

Mwana wa Kilosa (wiki tatu baadaye)
Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Daktari alipopigiwa alituita siku ile ile: potasiamu 5.4, akabadilisha dawa ya sukari. Barua ya rufaa akaandika bila neno, akaongeza hata namba ya simu ya bingwa anayemfahamu Dodoma. Mama alibaki kinywa wazi.

Bingwa alitandaza maboksi mezani, akaiweka diklofenaki pembeni kwa kidole kimoja. Ultrasaundi inaonyesha figo ndogo kiasi, sentimita 8.9 na 9.1, kwa hiyo ugonjwa ni wa kweli na wa muda mrefu, hautapona. Lakini baada ya siku 16 bila diklofenaki, na dawa za presha zikiwa zimepangwa upya, kreatinini imeshuka hadi 221, eGFR 22. Mashine si sasa. Amechanjwa homa ya ini B, ataonana na daktari wa upasuaji kuhusu fistula, na kipimo kila mwezi tunafanya hapa hapa Morogoro kwa daktari wetu wa kwanza.

Magoti bado yanamuuma, tunahangaika na parasetamo na kitambaa cha moto. Juzi maabara kijana alimfungia mpira mkono wa kushoto atoe damu. Mama akauchomoa, akauficha chini ya khanga, akamnyooshea wa kulia: "Huu wa kushoto, mwanangu, una kazi yake."