Nyumba ya Mji Mkongwe kugeuzwa hoteli: mambo ya moto yaingie lini kwenye michoro?

Mchora_Ramani: Asalaam alaykum wadau. Nyumba ya ghorofa tatu, kuta za mawe na chokaa, dari za boriti, ua katikati. Mwenyewe anataka hoteli ya vyumba 12. Ngazi ni moja, ya mbao, inapandia uani. Mkandarasi anasema mambo ya moto yasubiri, mitungi ya kuzimia moto itatundikwa mwisho. Nahofia tutavunja kazi mara mbili. Nianze na nini?

ChokaaNaBoriti: Wa alaykum salaam. Anza na ngazi, mengine yataifuata. Ua ule ni dohani: jiko likiwaka chini, moshi unajaa roshani za juu kabla wageni hawajaamka, na njia yao ya kushukia imo humo humo. Ngazi hiyo izungushie ukuta. Milango ya vyumba iwe ya mbao nzito ya mm 44, ijifunge kwa springi, mianya isizidi mm 3. Ngazi ya pili ikipatikana kwa kupoteza chumba kimoja kila ghorofa, mwenyewe akubali tu hasara hiyo. Wala msizibe juu ya ua kwa plastiki ya kukinga mvua bila kuacha matundu makubwa ya moshi.

Halafu mabomba ya plastiki yanayotoboa sakafu: yakiyeyuka, tundu linabaki na moshi unapita. Kila tundu lionekane kwenye mchoro, pamoja na kizibo chake.

PampuNaMpira: Sawa, ila na maji. Gari la zimamoto haliingii vichochoro vingi vya Mji Mkongwe, kwa hiyo dakika za mwanzo ni zenu. Kila ghorofa iwe na mpira wa mita 30 kwenye gurudumu lake, karibu na ngazi. Hesabu lita 30 kwa dakika kwa mpira mmoja, miwili ikitumika pamoja; akiba ya lita 1,125 inakwenda dakika 18 hivi. Tangi la juu peke yake halifai: kimo cha mita 3 kinatoa msukumo wa bar 0.3 tu, maji yatachuruzika. Weka pampu, na waya wake utoke kabla ya swichi kuu, maana moto ukitokea watu hukimbilia kuzima umeme na pampu inazimika nao. Kwenye tangi, bomba la matumizi litoke ubavuni juu, la moto chini kabisa. Hapo akiba haitaishia bafuni.

Mchora_Ramani: Mlango wa mbele je? Ni wa nakshi, unafungukia ndani, hauguswi.

ChokaaNaBoriti: Uache. Ndani yake, nyuma kiasi cha upana wa ubawa mmoja, weka mlango mwepesi wa kusukumwa kwenda nje, usiotaka ufunguo. Mbawa za nakshi zibanwe ukutani, wazi, muda wote wageni wamo.

PampuNaMpira: Na kama mwenyewe anawaza mgahawa wa makuti juu ya paa, mwambieni sasa hivi asahau.